Kupiga kambi Soo Locks na kutazama meli kubwa: maswali tunayoulizwa kila kiangazi

Kila ikifika Mei simu yangu inajaa maswali yaleyale. Sisi ni familia chache za hapa Grand Rapids, Michigan, mchanganyiko wa watu wa Mwanza, Kigoma na Bukavu, na tumekuwa tukienda Soo na mahema tangu watoto wetu wa sasa wa sekondari wakiwa wanabebwa mgongoni. Nimeamua kuyaandika majibu mara moja. Ukinipigia nitakutumia ukurasa huu, usinune.

Soo Locks ni nini hasa?

Ziwa Superior linatoa maji yake kwa mto mmoja, St. Marys, unaoyapeleka Ziwa Huron. Katika mto huo, kwenye mji wa Sault Ste. Marie, mpakani mwa Marekani na Kanada, kuna mteremko wa mawe ambapo maji yanashuka futi 21, yaani meta sita na nusu hivi. Mtumbwi mwepesi unaweza kuthubutu kuteremka hapo. Meli ya chuma haithubutu, na kupanda ndiyo kabisa.

Kwa hiyo pembeni ya maporomoko vimejengwa vyumba virefu vya zege vyenye malango ya chuma kila mwisho. Chumba hicho ndicho loki. Meli inaingia, lango linafungwa nyuma yake, maji yanaongezwa au yanapunguzwa mpaka yalingane na yale ya upande wa pili, lango la mbele linafunguliwa, meli inaendelea na safari. Basi.

Waojibwe, wenyeji wa pale, wanapaita Bawating, mahali pa maporomoko. Wafaransa walikuja na neno lao la maana hiyohiyo, Sault, linalotamkwa "suu", na ndiyo maana kila mtu anasema Soo. Kabla ya loki ya kwanza ya meli kubwa kufunguliwa mwaka 1855, mzigo ulishushwa upande mmoja, ukasombwa nchi kavu, ukapakiwa upande mwingine. Mwaka 1845 meli ya mvuke iitwayo Independence ilivutwa yenyewe nchi kavu juu ya magogo, kupita mjini. Mtu wa Kizimkazi au Kilwa aliyewahi kusukuma jahazi kulipandisha pwani anaelewa jasho lile, ila hapa ilikuwa safari ya wiki kadhaa.

Pampu zake ni kubwa kiasi gani?

Hakuna pampu. Hili ndilo jibu ninalolipenda kuliko yote, na kila mgeni ananibishia. Ziwa Superior liko juu, Huron liko chini. Kutaka kujaza chumba, wanafungua vali za juu, maji ya Superior yanaingia kwa uzito wake. Kutaka kukitoa maji, wanafungua vali za chini, maji yanaondoka zake. Umeme unatumika kwenye malango na vali tu. Kwenye loki kubwa, Poe, kunyanyua meli mara moja kunatumia galoni milioni 22 hivi, lita zaidi ya milioni 80, na injini ya kuzisukuma haipo.

Usitazame meli peke yake, tazama ukuta. Meli ikiwa inashushwa, zege lililolowa linazidi kuonekana kama kitambaa kinachochujwa, na baharia aliyekuwa anakusalimia uso kwa uso dakika tano zilizopita sasa unamtazama utosini. Meli inayopandishwa ni kinyume chake: mwanzoni unaona milingoti na paa la chumba cha nahodha tu, halafu taratibu, bila kelele, inaumuka kama unga wa maandazi hadi inakuzibia jua.

Kwa nini kulala? Si tunaenda asubuhi na kurudi jioni?

Tulijaribu. Mara yetu ya kwanza tuliondoka Grand Rapids saa kumi alfajiri, tukaendesha kama kilomita 460, tukafika tukakuta ukungu umelala juu ya mto. Ukungu ukiwa mzito meli zinatia nanga na kusubiri. Tukakaa saa nne tukitazama maji matupu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mwanza, akasema feri ya Kamanga ingekuwa imeshakwenda na kurudi mara nane. Tukafungasha. Tulipofika daraja la Mackinac mwanangu akafungua simu, akaona meli tatu zinaingia loki kwa kufuatana.

Meli za mizigo hazina ratiba kama treni. Inategemea zimepakia saa ngapi kwenye bandari za Superior, Duluth au Two Harbors, upepo wa Superior umeamkaje, na nani yuko mbele kwenye foleni. Siku ya kawaida ya kiangazi meli kubwa kumi au zaidi zinapita, lakini zinaweza kuja nne kwa mkupuo, kisha kimya hadi usiku wa manane. Anayekuja kwa saa mbili anacheza bahati nasibu. Anayelala usiku mbili hakosi.

Na usiku wenyewe ndio utamu. Unaanza kuusikia mlio kabla hujaona kitu, mngurumo wa chini sana unaopitia kwenye ardhi, unaingia kwenye mgongo ukiwa umelala. Unatoa kichwa hemani, unaona taa zinatembea gizani kama mtaa mzima umeng'oka.

Tulale wapi?

Sisi tunapiga kambi Aune-Osborn, uwanja wa kambi wa manispaa ulio ukingoni mwa mto, upande wa mashariki wa mji. Si mahali pa msituni: ni nyasi, kuna umeme, vyoo na bafu, na majirani wengi ni wazee wenye magari ya kulala yenye ukubwa wa daladala. Lakini viti vyako unaviweka mbele ya mto na meli inapita hapo, karibu kiasi cha kusoma jina lake bila darubini. Jirani yake kuna kivuko cha kwenda kisiwa cha Sugar. Kivuko hicho huwa kinasubiri meli ipite ndipo kivuke, kama bodaboda linavyoipisha semi-trela.

Kuna ujanja mmoja hapa. Uwanja huo uko chini ya loki, kwa hiyo meli inayopanda kwenda Superior inakupita kwanza wewe. Inatembea polepole. Unamaliza chai yako, unapanda gari, dakika kumi uko kwenye jukwaa la kutazamia, na unaikuta bado haijaingia.

Ukitaka miti na mchanga, nenda Brimley State Park, kwenye ghuba ya Whitefish, mwendo wa nusu saa hivi kutoka mjini. Pazuri kwa watoto, ila meli unaziona kwa mbali, zimechorwa kwenye upeo wa macho. Kwenye hifadhi za jimbo gari linahitaji kibali chake, na nafasi zinaweza kukatwa miezi sita kabla. Wikiendi za Julai zinaisha mapema mno.

Tunajuaje meli inakuja?

Pakua MarineTraffic kwenye simu. Kila meli kubwa inatangaza jina, mwendo na mahali ilipo. Mashabiki wa kule wana tovuti yao pia, BoatNerd, yenye ramani na habari za kila meli. Meli inayopanda ikishapita De Tour, kusini, una kama saa tano. Inayoshuka ikishapita Whitefish Point, kwenye Ziwa Superior, una saa mbili hadi tatu. Ukiwa ndani ya bustani ya loki, vipaza sauti vinatangaza meli, urefu wake na mzigo wake.

Tusimame wapi tuone vizuri?

Hapa kuna mtego ambao wageni wengi hawaujui. Loki zinazofanya kazi ni mbili. Iliyo mbele kabisa ya jukwaa ni MacArthur, ya mwaka 1943, urefu futi 800 na upana futi 80. Nyuma yake iko Poe, iliyojengwa upya mwaka 1968, futi 1,200 kwa 110. Meli ndefu kabisa haziingii MacArthur, zinapita Poe tu. Maana yake zile kubwa ulizozifuata zinapita mbali kidogo na wewe, na zile za wastani ndizo zinakupita puani.

Usidharau za wastani. Meli ya futi 700 ikiwa kwenye MacArthur unaweza kuhesabu ribiti zake, unasikia mabaharia wanazungumza mambo ya chakula cha mchana. Kwa zile kubwa, panda ghorofa ya juu ya jukwaa. Au toka nje ya mji upande wa magharibi, barabara ya West Pier, zinapopita karibu na ukingo zikiingia au zikitoka. Pale hakuna kipaza sauti wala duka la soda, ni wewe na upepo.

Ijumaa ya mwisho ya Juni ni Siku ya Wahandisi. Siku hiyo wanaruhusu watu kutembea juu ya kuta za loki zenyewe. Ukiweza kuchagua siku moja ya mwaka, chagua hiyo, na uvae viatu vya maana.

Loki ya tatu, yenye vipimo sawa na Poe, inajengwa upande wa kaskazini mahali palipokuwa na mbili za zamani, Davis na Sabin. Imepangwa kukamilika 2030. Winchi na mashine za ujenzi zinaonekana nyuma ya meli kwenye picha zako, ndiyo hivyo.

"Kubwa" maana yake nini? Tupe mfano.

MV Mwanza, meli yetu mpya kule nyumbani, ina meta 92. Paul R. Tregurtha, ndefu kuliko zote katika maziwa haya, ina futi 1,013 na nusu, karibu meta 309. Ukizipanga MV Mwanza tatu mkia kwa kichwa bado hazijaifikia. Meli za urefu wa futi 1,000 na kuendelea ziko 13. Moja inabeba zaidi ya tani 60,000. Kwa malori ya tani 30, hiyo ni foleni ya malori 2,000, na sisi tunaojua mizani ya Kibaha tunaweza kuikadiria foleni hiyo inaishia wapi.

Upana wao ni futi 105. Loki ya Poe ni 110. Kila ubavu unabakiwa na futi mbili na nusu, chini ya meta moja, na kwa kawaida nahodha anaipenyeza akiwa amekaa mwisho mwingine wa meli, kwenye tezi, omo ikiwa meta 300 mbele yake. Nimewahi kushindwa kuegesha Toyota kwenye nafasi kubwa kuliko hiyo.

Zinazoshuka mara nyingi zimebeba madini ya chuma yaliyofinyangwa vidonge vidogo vidogo kama gololi, yanakwenda viwanda vya chuma vya kusini. Nyingine ni makaa ya mawe au ngano. Mawe ya chokaa huwa yanapanda. Meli iliyopakia inalala majini. Tupu inaelea juu na kuonyesha tumbo. Baada ya siku moja watoto wanajua wenyewe bila kuambiwa.

Meli hizo zinaenda hadi baharini?

Zile 13, hapana. Kwenda bahari ya Atlantiki lazima zipite loki nyingine, za mfereji wa Welland na njia ya St. Lawrence, ambazo mwisho wake ni meli ya futi 740. Zilizalia humu na zitazeekea humu. Ya kwanza kati yao, Stewart J. Cort ya 1972, ilianza na kichekesho: omo na tezi yake vilijengwa kusini, vikaunganishwa vikawa kimeli kifupi chenye sura ya ajabu, kikasafiri hadi Ziwa Erie, kikakatwa katikati na kuchomekewa tumbo.

Meli ndogo zaidi zenye bendera za nchi za mbali ndizo zinazotoka baharini, nyingi zikifuata nafaka. Ukiona milingoti ya winchi imesimama sitahani, huyo ni mgeni.

Meli za maziwani huishi muda mrefu kwa sababu maji baridi hayali chuma kama maji chumvi. Mtu wa Kigoma hana haja ya kuelezwa hili, MV Liemba ilijengwa 1913, ikazamishwa kwa makusudi 1916, ikaibuliwa, na ikaendelea kubeba abiria na dagaa.

Twende mwezi gani?

Loki zinafungwa Januari 15 na kufunguliwa Machi 25. Kwa hema, katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo siku ni ndefu kama subira ya mvuvi. Mei na mwanzo wa Juni kuna nzi weusi wadogo wanaong'ata nyuma ya masikio. Mbu wapo pia, hawana malaria lakini wana njaa.

Baridi je, kiangazi?

Beba blanketi. Usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10. Wageni kutoka nyumbani wanadhani tunawatania mpaka saa nane usiku.

Tunaweza kuogelea?

Mtoni, hapana, mkondo una nguvu na ni njia ya meli. Brimley, ndiyo, ukivumilia. Superior ni baridi mwaka mzima. Na kwa wenzangu wa Mwanza: ndiyo, ni kubwa kuliko Victoria. Kilomita za mraba 82,000 dhidi ya 68,000 na ushee. Nilikataa mwaka mzima kabla ya kukubali.

Chakula?

Tunapika. Jiko la gesi, sufuria kubwa, unga wa sembe kutoka nyumbani. Samaki wa kule mweupe wa maziwani anauzwa mbichi madukani mjini. Mkaange na limau na pilipili, ule na ugali huku meli inapita, na majirani wa magari makubwa watasogea kuuliza hicho cheupe ni nini. Kuni nunua hukohuko. Michigan wanahimiza watu wasisafirishe kuni, kwa sababu ya wadudu wanaoua miti. Chakula kifungie ndani ya gari usiku, dubu weusi wapo eneo lile. Ukitaka kuvua, mwenye miaka 17 na zaidi anahitaji leseni.

Gharama?

Kuingia kutazama loki ni bure. Meli nazo hazilipi kupita, tangu serikali kuu ilipozichukua loki mwaka 1881. Utalipia kambi, mafuta, na ushuru wa daraja la Mackinac. Daraja hilo lina kilomita nane, mara mbili na zaidi ya lile la Kigongo–Busisi, na katikati kuna njia ya vyuma vya wavu unaona maji chini. Mke wangu hufumba macho. Yeye si dereva, tunashukuru.

Karatasi zetu zina tatizo? Si ni mpakani?

Loki ziko Marekani, hakuna kuvuka mpaka. Lakini soma hili mara mbili: barabara ya I-75 inaishia kwenye daraja la kuingia Kanada. Njia yako ya mwisho ya kutokea ni namba 394, Easterday. Ukiipita kwa kupiga soga, umeshafika kwa watu wa uhamiaji. Kwa mwenye pasi ya Marekani ni usumbufu tu. Kwa mwenye kesi inayosubiri au visa ya kuingia mara moja, inaweza kuwa balaa la miezi. Dereva wa gari la mbele kwenye msafara wetu kazi yake siku hiyo ni moja, kuangalia 394. Na ukiwa si raia, beba kadi yako yenyewe, picha ya kwenye simu haitoshi. Askari wa mpaka wapo mjini kama kawaida ya mji wa mpakani.

Mlangoni pa loki mabegi yanakaguliwa pia. Kisu cha kumenyea viazi kiache kambini.

Watoto hawatachoka?

Watachoka katikati ya meli na meli. Wapeleke Valley Camp, meli ya mizigo ya 1917 iliyofungwa gati na kugeuzwa makumbusho. Unaingia hadi kwenye matumbo ya mzigo. Ndani yake kuna boti mbili za kuokolea za Edmund Fitzgerald, meli ya futi 729 iliyozama Superior na watu wote 29 usiku wa Novemba 10, 1975. Boti zimekunjika na kuchanika kama makopo ya maziwa. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alizizunguka mara mbili kisha akauliza kama kengele iliwahi kupigwa. Kengele ya meli hiyo iliibuliwa 1995, iko makumbusho ya Whitefish Point, saa moja na nusu kwa gari. Tulimpeleka kesho yake.

Ni kweli nahodha anapiga honi ukimpungia?

Mara nyingine. Salamu ya nahodha ni milio mitatu mirefu na miwili mifupi. Usitegemee karibu na mji usiku wa manane, na usimlaumu akinyamaza. Mara moja kambini watoto kumi wetu walisimama mstari mmoja wakishusha mikono kama wanavuta kamba ya kengele, meli ikapita yote, mita baada ya mita, kimya. Walipokwisha kata tamaa na kurudi kwenye maandazi, honi ikalia kutoka nyuma, karibu chai inimwagikie.

Kitu gani mnakisahau kila mwaka?

Nyundo ya vigingi, tunatumia jiwe. Kifungulio cha makopo. Chumvi. Mwaka jana tulisahau fito za hema la watu wanane, tukalala watu wanane ndani ya gari dogo, na meli mbili zikapita usiku ule bila mtu kuweza kugeuka kuzitazama.